Maji ya Chini ni ya Tope

"Maji ya juu ni yako, ya chini ni ya tope."

Bibi Namche aliyasema maneno hayo akiwa ameinamia ungo, anachagua maharage ya makande, wala hakuinua kichwa. Alikuwa anamjibu binamu yetu Mbonea, ambaye tangu chai alikuwa anatusimulia harusi yake itakavyokuwa: mahema matatu, keki ya ghorofa saba, na farasi mweupe wa kumbeba bibi harusi kutoka barabarani hadi kanisani. Dada yangu Nambike alimuuliza huyo farasi atapandaje mlima wetu, maana hata pikipiki zikifika pale kwenye kona abiria hushuka wakasukuma. Mbonea akasema farasi ana miguu minne. Nambike akasema basi atachoka mara nne.

"Na gharama?" Bibi aliuliza.

Mbonea akanyoosha kidole kwenye mteremko, kwenye mistari minne ya miti ya mbao aliyoiacha marehemu baba yake, kuanzia barabarani kushuka hadi kijitoni. "Gharama ile pale imesimama. Ukiridhia, Bibi, tunakata yote."

Ndipo Bibi alipotoa methali yake, nasi tukacheka. Hata tope lina mgao?

"Ndiyo maana wanasema sisi Wapare tuna mkono wa birika," alisema Mbonea.

"Birika lina mkono na lina mdomo," alijibu Bibi. "Wewe umechukua mdomo tu. Sogeeni kwenye maharage, mikono ifanye kazi. Nitawaambia maneno hayo yalizaliwa wapi, na nani aliyeumwa uchungu."

Akaanza hivi.

Zamani, kabla barabara haijapanda huku, aliishi katika kitongoji hiki mzee aitwaye Senkondo, mwenye ndiva. Ninyi mmezaliwa na mabomba, kwa hiyo nieleze. Ndiva ni bwawa la udongo linalochimbwa juu ya mashamba. Jioni unaziba tundu la chini kwa gogo, maji ya kijito yanaingia taratibu ninyi mkikoroma, asubuhi unazibua, yanashuka kwa mfereji hadi shambani. Nyumba saba ziliitegemea ndiva ya Senkondo, kila nyumba na siku yake ya juma.

Ukutani kwa ndani, kiasi cha goti kutoka chini, Senkondo alipachika jiwe jeupe. Maji yakishuka hadi kwenye jiwe, anaziba. Hakujali nani amebakiza nini. Ungeweza kuwa umebakiza mstari mmoja wa magimbi, mstari wenyewe mfupi, na magimbi yenyewe yanakutazama kwa huruma, mzee anaziba. "Tope nalo lina kiu," anasema, kisha anaondoka zake na fimbo. Watu wakamwita Mzee Ziba. Alilijua jina hilo na aliliitikia.

Huyo Mzee Ziba alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Kajiru. Kajiru alikua akiona kila kitu cha nyumbani kwao kinabakizwa. Mafuta yanabakizwa kibuyuni, kuni zinabakizwa darini, shati linabakizwa hadi limpate mwingine wa kulivaa. Hata mazungumzo baba yake aliyabakiza. Alianza neno, akafika katikati, akaona linatosha. Kijana akajiapia kwamba akiwa na chake atakitumia mpaka kionekane.

Akashuka tambarare kwenye mashamba ya katani, akakaa huko miaka, akajifunza mambo mawili: kunyoa ndevu kwa wembe, na kula wali. Baba yake alipofariki alirudi na mke na mtoto wa kike, Nakundwa. Akakuta ng'ombe kumi na wawili zizini. Haukupita muda akawauza, mmoja baada ya mwingine, akaezeka nyumba kwa bati. Ilikuwa nyumba ya kwanza ya bati mlima huu. Jua likiipiga, watu wa tambarare walidhani mlima umeota jino la fedha. Zizini alibaki mtamba mmoja, naye alionekana mpweke kama mgeni aliyefika mapema.

Simcheki Kajiru, msinielewe vibaya. Alikuwa mkarimu. Ukipita kwake hukuondoka mtupu. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kustahimili kuonekana hana.

Miaka ikapita, Nakundwa akawa mtu mzima. Yeye ndiye aliyeishika kazi ya kuziba na kuzibua ndiva. Akaposwa na kijana wa tambarare, wa ukoo wa Mzee Mavura, wakulima wa mpunga. Siku ya posa, katika utani wa wakwe, mmoja wao akasema, "Tunakuja kuoa kwa watu wa makande. Siku ya harusi tuje na meno ya akiba."

Wote wakacheka, hata Nakundwa. Kajiru hakucheka. Alisimama, akaweka kofia sawa, akasema, "Siku ya harusi mtakula wali. Na mpunga wake hautatoka kwenu. Utatoka shambani kwangu, hapa hapa juu."

Wageni walipoondoka, mama yake, Bibi Nanzia, mjane wa Senkondo, alimwita kando.

"Mwanangu, mpunga ni mgeni anayetaka kuoga kutwa. Sisi huku maji yetu ni ya kunawa uso."

"Mama, neno nimeshalitoa."

"Limeze."

"Mbele ya wakwe?"

Kajiru akalima jaruba chini ya ndiva, akalisawazisha, akalijengea kingo, akapanda mpunga. Ulistawi, sitasema uongo. Watu walikuja kuutazama kama wanavyotazama watoto mapacha. Lakini mgeni yule alikunywa. Siku ya Kajiru ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu haikumtosha. Akaenda kwa Mama Kiondo kuazima Jumanne yake. Akaenda kwingine akaazima Alhamisi. Kwa kuwa ni mkarimu na kila mtu alikuwa amewahi kula kwake, hakuna aliyemnyima. Ikafika mahali juma zima lilikuwa la Kajiru, na wenzake wamebaki na Jumapili ya kusali.

Kisha kiangazi kikauma. Kijito kikawa uzi. Usiku mzima ndiva ilipata maji ya kupita jiwe kwa shibiri mbili tu. Na huo ndio wakati mpunga ulipoanza kutoa masuke.

Asubuhi moja Nakundwa alizibua, maji yakashuka, yakafika kwenye jiwe, akaziba kama ada. Baba yake akapanda kutoka shambani, tope limemfika magotini.

"Mbona umefunga?"

"Yamefika kwenye jiwe, baba."

"Nimeliona jiwe. Zibua."

"Babu alisema tope nalo lina kiu."

"Babu yako alisema mambo mengi na hakueleza hata moja. Kwa maneno kama hayo nilivaa shati moja miaka minne. Mpunga ukikosa maji wiki hii, ni makapi. Unataka kuolewa kwa makapi?"

"Niolewe kwa makande, baba. Mimi sina neno."

"Mimi ninalo. Watanicheka."

"Watakucheka siku moja, halafu watasahau. Wana mambo yao."

Kajiru akatazama chini, kwenye jaruba lake la kijani katikati ya mlima mkavu. Akasema kwa upole kabisa, na hilo ndilo lililomshinda Nakundwa, kwa sababu baba mkali unaweza kumbishia.

"Jiwe halijui harusi, mwanangu. Nipe gogo."

Nakundwa akalichomoa, akampa kwa mikono miwili, kama mtoto anavyompa mzazi kitu. Kisha akageuka, akatazama upande wa msitu mpaka mlio wa maji ulipokoma.

Siku saba Kajiru aliikausha ndiva kila asubuhi hadi tone la mwisho, na kila mchana jua likalipiga tope. Siku ya kwanza tope liling'aa. Siku ya tatu likapauka. Siku ya saba likapasuka kama kisigino cha mtu asiyejua mafuta. Kajiru aliziona nyufa, akajiambia mvua ikija zitafunga zenyewe. Nanyi wajukuu zangu, mtu akianza kusema kitu fulani kitajifunga chenyewe, jueni amechoka kukitazama.

Mpunga ukavunwa. Ulipatikana wa mlo mmoja. Harusi ikafanyika, wali ukaiva, ukapakuliwa mweupe kama ulivyoahidiwa. Kajiru akasimama katikati ya wageni, nyuma yake bati linang'aa, akasema, "Karibuni. Huu haukupanda mlima, umeota mlimani." Wakashangilia. Ile ilikuwa siku yake, na mimi huwa sioni sababu ya kumnyang'anya.

Lakini Mzee Mavura, baba wa bwana harusi, alikula vijiko viwili vitatu, akanawa, akainuka kama anayetafuta choo. Akapita nyuma ya nyumba. Huko alimkuta Bibi Nanzia ameketi na wapishi, wana chungu chao kikubwa.

"Mama mkwe," alisema kwa sauti ya chini, "hicho ni nini?"

"Makande ya wapishi. Si chakula cha wageni."

"Mama, sisi mpunga tunalala nao, tunaamka nao. Tokea kule chini nilikuwa nawaambia wenzangu, leo tutakula makande ya mlimani, yenye maharage ya mlimani. Nimefika nimepewa wali. Nisitiri, nipakulie, ila usimwambie mkwe wangu."

Akala sahani mbili, amejificha nyuma ya kuni. Alipotoka alikuta ndugu zake wengine wawili wamesimama foleni.

Harusi ikapita, Nakundwa akashuka kwa mumewe. Mvua za kwanza zikanyesha, kijito kikajaa, nyumba saba zikapanda maharage. Kajiru akaziba ndiva jioni, kijito kikaimba, watu wakalala. Asubuhi ndiva ilikuwa tupu. Alikuwamo chura mmoja tu, naye alikuwa anaondoka.

Akadhani gogo limelegea. Akaziba upya kwa majani ya mgomba. Kesho yake, tupu. Maji yote yalikuwa yanapenya kwenye nyufa, yanazama ardhini na kutokea korongoni, kusikolimwa na mtu. Na mvua za mwaka ule zilikuwa za kuonja tu. Zilinyesha siku nne zikakatika. Maharage yalikuwa yameota majani mawili mawili. Bila ndiva yalikuwa na wiki mbili, pengine tatu, za kuishi. Na ghala hazikuwa na kitu, kwa sababu msimu uliotangulia maji yao yaliliwa na mpunga. Maharage yakifa, nyumba saba zingefunga virago kwenda kukata katani.

Watu wakakusanyika ukingoni. Hakuna aliyetukana. Mama Kiondo tu ndiye aliyeuliza, taratibu, "Kajiru, Jumanne yangu iko wapi?"

Kajiru aliingia ndivani peke yake, akawa anajaza nyufa kwa viganja, akafukia hii, ikafunguka ile. Bibi Nanzia alimtazama hadi mchana, kisha akateremka na fimbo ya marehemu akakaa juu ya jiwe jeupe.

"Toka kwanza, mwanangu, ukae. Babu yako mzaa baba alikuwa na ndiva kubwa kuliko hii, ng'ambo ya mlima. Alikuwa mtu wa watu kama wewe, anapenda wageni. Mwaka wa sherehe aliikausha. Tope likafa, na ndiva yenye tope lililokufa ni chungu chenye tundu. Wakahama wote. Baba yako alifika hapa mtoto, amebebwa mgongoni. Ndiyo maana alipochimba hii akaweka jiwe. Yale maji ya chini hayakuwa ya kumwagilia. Ni ya kulinywesha tope lisipasuke, ili liweze kushika maji ya kesho."

Kajiru akaketi kando yake. Kisha akasema, "Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambia ingebidi amtaje baba yake kwa ubaya. Akaona heri wewe umwone yeye bahili."

Hapo Kajiru akajifunika uso kwa mikono yake ya tope. Miaka yote ile alimwonea baba yake aibu, kumbe baba yake alikuwa amejibebea aibu isiyo yake, akaibeba hadi kaburini bila kulalamika, na akaiitikia kwa jina la Mzee Ziba.

"Inatengenezeka?" aliuliza baadaye.

"Kwa udongo wa kichuguu, uliolowa, ukakanyagwa mpaka uwe kama unga wa ugali. Baba yako alikanyagisha ng'ombe kumi na wawili, siku tatu."

Wote wakageuka kutazama zizini. Mtamba naye akawatazama.

Basi wakaanza kwa miguu yao. Nyumba saba, wazee kwa watoto. Kajiru alibomoa vichuguu, akabeba udongo kichwani kutoka alfajiri, bila kofia. Lakini miguu ilikuwa michache na ndiva pana. Siku nne zikapita hawajamaliza robo, na maharage yakaanza kukunja majani.

Siku ya tano asubuhi wakasikia watu wanapanda mlima. Mbele alikuwa Nakundwa. Nyuma yake Mzee Mavura na watu wa ukoo wake, wanaume na wanawake, zaidi ya thelathini, suruali zimekunjwa.

"Tumesikia mlima una kiu," alisema Mzee Mavura.

Kajiru alitaka kukimbilia nyumbani kuvaa shati. Mama yake akamshika mkono.

"Mkwe," alisema Kajiru, "mmenikuta vibaya. Sina hata cha kuwapikia. Wali..."

"Wali tena?" Mzee Mavura akavua viatu. "Mwenzangu, sisi ni watu wa majaruba, tope ndiyo kazi yetu. Kuna makande?"

"Makande yapo," Bibi Nanzia alijibu.

"Basi tungefika jana."

Wakaingia. Waliijua kazi ile kama mnavyojua kuchezea simu. Walipanga mistari, bega kwa bega, wakakanyaga wakirudi nyuma wakiimba, huku wanawake wakimwaga maji kwa mitungi. Mwimbishaji wao alimtania Kajiru katika kila kiitikio, mara bati lake, mara mpunga wake, naye Kajiru akakanyaga na kuitikia, tope hadi kwenye nyusi. Aliogopa kuchekwa maisha yake yote. Siku hiyo alichekwa na watu thelathini kwa mpigo, akagundua kumbe hakuumizi sana, hasa anayekucheka akiwa amekushikia bega.

Siku ya tatu tangu wakwe wafike, jioni, wakaziba. Asubuhi watu wote walikuwa ukingoni, hakuna aliyethubutu kusogea. Bibi Nanzia ndiye aliyechungulia.

"Limelala na maji," alisema.

Nakundwa akazibua. Maji yakakimbia kwenye mfereji. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, yakaanzia kwa Mama Kiondo, kisha shamba kwa shamba, maharage yakainua vichwa. Shamba la Kajiru lilikuwa la mwisho. Yalimwagiliwa yote, isipokuwa mstari mmoja wa mwisho, mfupi. Hapo maji yakafika kwenye jiwe.

Nakundwa akamtazama baba yake. Akalishika gogo kwa mikono miwili, akampa.

Kajiru akautazama mstari wake mkavu, akalitazama jiwe. Akainama, akaziba.

"Mzee Ziba amefufuka," mtu alisema nyuma, na watu wakacheka.

"Naam," aliitikia Kajiru. Akaweka kiganja juu ya jiwe jeupe kama unavyomshika mtu begani. "Asante, baba," alisema. Kisha akawageukia watu. "Maji ya juu ni yangu. Ya chini ni ya tope."

Kuanzia hapo, kila mtoto wa nyumba ile akifika umri wa kuhesabu siku za juma aliingizwa ndivani kwa miguu yake, alikanyagishwa tope, na alielezwa sababu mwanzo hadi mwisho. Hilo Kajiru hakulibakiza. Nakundwa alimweleza mama yangu, mama yangu akanieleza mimi, miguu yangu ikiwa humo humo, na ilikuwa baridi vibaya.

Bibi akapepeta ungo, akapuliza makapi. Maharage yalikuwa yamekwisha na hatukuwa tumeona.

Mbonea alikuwa anatazama mteremko. "Bibi," aliuliza, "baba aliipanda lini ile miti?"

"Mistari miwili ya juu aliipanda alipooa. Ile ya chini, juma ulilozaliwa wewe. Alikuwa anaumwa mgongo, akachimba mashimo amepiga magoti. Nikamwambia, miti ya huyu si ile ya juu? Akasema, ile ya huyu, hii ya mtoto wa huyu."

Mbonea akaihesabu mistari kwa kidole, kutoka juu kwenda chini.

"Kwa hiyo tukikata mistari miwili ya juu tu," Mbonea alisema hatimaye, "hema litakuwa moja."

"Jua letu si kali."

"Na wageni watakula makande."

"Watafurahi. Ila weka chungu mbele ya nyumba, usiwafiche nyuma ya kuni."

"Na farasi?"

"Farasi mpe pole kwa niaba yangu."

Tukacheka, Mbonea zaidi ya wote. Kisha akainuka, akateremka hadi kwenye ile miti ya chini, tukamwona anaweka kiganja kwenye shina mojawapo na kusimama hapo. Aliporudi Bibi alikuwa ameshabandika chungu.

"Na ile ya chini, Mbonea?" alimuuliza.

"Ile ya chini si yangu, Bibi," alisema. "Maji ya juu ni yako, ya chini ni ya tope."